Majibu Baada ya Wiki Mbili

Kipimo cha kwanza cha kutambua virusi vya UKIMWI kiliidhinishwa Marekani mwezi Machi 1985, na hakikutengenezwa kwa ajili ya mtu. Kilitengenezwa kwa ajili ya chupa. Benki za damu zilikuwa zimekwisha kugundua kwamba zinawaongezea wagonjwa damu pamoja na ugonjwa, na zilihitaji njia ya kukagua maelfu ya chupa kwa mkupuo. Kwa kazi hiyo kipimo kilifaa sana. Sahani ya plastiki yenye vishimo 96 ilijazwa sampuli, ikatiwa kemikali, ikaoshwa, ikatiwa kemikali nyingine, kisha mashine ikasoma rangi iliyotokea. Ilitaka umeme usiokatika, jokofu, maji safi na fundi aliyesomea. Hakuna aliyewasha mashine kwa ajili ya sampuli tatu. Zilisubiriwa mpaka sahani ijae. Sampuli iliyoonyesha virusi ilipimwa tena, halafu ikapelekwa kwenye kipimo cha kuthibitisha, ambacho maabara nyingi hazikuwa nacho.

Chupa ya damu haina haraka. Ikiwekwa kwenye jokofu Jumatatu, Jumatatu ya pili utaikuta palepale. Baada ya muda utaratibu uleule ulichukuliwa na kuwekewa binadamu: leo utatolewa damu, majibu njoo uchukue baada ya wiki mbili. Kwa karani au mwalimu, wiki hizo zilikuwa za kukosa usingizi, lakini angalau alijua zitaisha lini na atakuwa wapi zikiisha. Kwa mtu anayeishi kwa heroini, siku hupimwa kwa arosto. Saa chache tu baada ya dozi kupungua mwilini, mifupa huanza kuuma, pua kutiririka, tumbo kukata, na shughuli yote ya ulimwengu hubaki moja, nayo ni kutafuta kete nyingine. Na mahabusu? Huyo hajui hata Alhamisi atalala wapi. Akipata dhamana haonekani tena, akihukumiwa anahamishiwa gereza la mbali, na karatasi ya majibu yake inabaki kwenye faili la zahanati ikisubiri mtu asiyekuwapo.

Tukifuatilia jinsi watu hawa wawili walivyofikiwa na kipimo cha VVU (na mara nyingi ni mtu mmoja, leo yuko maskani, yaani kwenye kijiwe cha watumiaji wa unga, mwezi ujao yuko ndani), tunakuta kwamba kusubiri hakukuondolewa kwa siku moja. Kulihamishwa, kutoka mahali pamoja hadi pengine.

Msukumo wa kwanza wa kupata majibu ya papo kwa papo ulitoka kwenye hospitali zenye shida ya damu. Mwaka 1984 ulianzishwa mradi wa utafiti wa UKIMWI mjini Kinshasa, katika hospitali ya Mama Yemo, ukiwaunganisha madaktari Wakongo kama Bila Kapita na wenzao kutoka Marekani na Ubelgiji, wakiongozwa mwanzoni na Jonathan Mann. Hospitali ile iliwaongezea damu watoto wengi waliopungukiwa damu kwa malaria. Mtoto wa namna hiyo hangoji sahani ijae. Damu inatafutwa kwa mjomba au jirani, inatolewa na kuingizwa mwilini mwake ndani ya saa ileile. Ndiyo maana watafiti wa Kinshasa walivijaribu vipimo vipya vya kusomwa kwa macho, bila mashine, na mwaka 1989 wakachapisha matokeo katika jarida la Lancet wakionyesha kwamba vinaweza kutegemewa. Waliovikataa walikuwa na hoja moja nzuri na moja mbaya. Nzuri ilikuwa kwamba kipimo kimoja cha haraka kikikosea, hakuna wa kukisahihisha. Mbaya ilikuwa imani kwamba jambo zito kama hili halifai kujulikana nje ya maabara.

Hoja ya kwanza ilijibiwa kwa hesabu. Shirika la Afya Duniani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, lilikubali kwamba vipimo viwili au vitatu tofauti vya bei nafuu, kimoja baada ya kingine, vinaweza kushika nafasi ya kile cha gharama cha kuthibitisha. Hoja ya pili ilijibiwa Kampala. Kituo cha AIDS Information Centre kilifunguliwa huko mwaka 1990, kikiwa miongoni mwa vya kwanza Afrika kumpima mtu kwa hiari yake na bila kuuliza jina. Kwa miaka saba wateja wake waliambiwa warudi baada ya wiki mbili, na wengi hawakurudi. Mwaka 1997 kituo kilianza kutoa majibu siku hiyohiyo, na kikaonyesha kwamba mtu anaweza kukaa kwenye benchi, akasikia habari yake, akalia au akashukuru, akaenda nyumbani, na jengo lisianguke. Lakini waliokuja Kampala walikuja kwa miguu yao. Walikuwa wachumba, wajane, watu waliokwisha kuamua.

Upande wa pili wa dunia kulikuwa na onyo. Mwanzoni mwa 1988, kati ya watu wanaojidunga heroini waliopimwa katika vituo vya tiba mjini Bangkok, aliyekuwa na virusi alikuwa mmoja hivi kwa kila 100. Kufikia Septemba ya mwaka uleule walizidi 40. Hakuna ugonjwa wa zinaa unaokimbia hivyo. Sindano ndiyo inayokimbia hivyo. Watafiti waliochambua mlipuko ule waligundua kwamba kuwahi kufungwa jela kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowatofautisha sana walioambukizwa na wenzao, na baadhi yao wakakumbuka kwamba Desemba 1987 Mfalme Bhumibol alitimiza miaka 60 na wafungwa wengi waliachiwa kwa msamaha. Kama virusi vilikuwa vimekwisha kuzunguka ndani ya kuta kwa sindano chache zilizofichwa, milango ilifunguliwa wakati mbaya kuliko wote.

Ushahidi usio na ubishi juu ya gereza ulipatikana Scotland miaka mitano baadaye. Katika gereza la Glenochil, nusu ya kwanza ya 1993, wafungwa kadhaa waliugua homa ya ini aina ya B na wawili wakaonekana wamepata VVU karibuni. Madaktari waliingia mwishoni mwa Juni. Kulikuwa na wafungwa 378. Wote walialikwa kuzungumza na mshauri na kupimwa wakitaka. Waliokubali mazungumzo walikuwa 227, waliotoa damu 162, na 12 kati ya hao wakakutwa na virusi. Wote 12 walikuwa wamejidunga humohumo gerezani. Baadaye uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba karibu wote walioambukizwa katika mlipuko ule walikuwa na virusi vya ukoo mmoja, kama kwamba sindano zile zilipita mkono kwa mkono kwenye ushoroba mmoja. Wengine waliokuwamo mwanzo wa mwaka walikuwa wamekwisha kuhamishwa au kwenda zao makwao kabla wapimaji hawajafika. Hili la mwisho halitajwi sana, nami naliona kuwa ndilo kubwa: hata katika nchi yenye maabara bora, wapimaji waliwahi gereza nusu tu.

Pwani yetu wakati huo ilikuwa ikijiandalia hadithi yake, pasipo mtu kuiona. Heroini ya kahawia, ambayo vijana waliiita brauni shuga, iliingia Mombasa, Malindi, Watamu na Lamu katika miaka ya 1980, pamoja na meli, watalii na mabaharia. Ilivutwa, aghalabu kwa kuchanganywa na bangi na tumbaku katika msokoto ulioitwa kokteli. Mtafiti Susan Beckerleg, aliyeishi na kufanya kazi kwenye mwambao wa Kenya, ameandika jinsi mambo yalivyogeuka mwishoni mwa miaka ya 1990: ilikuja heroini nyeupe, inayoyeyuka vizuri kwenye maji, na kilichoyeyuka huvutwa kwa bomba la sindano. Katika muda wa miaka michache watu waliokuwa wakivuta wakawa wanajidunga. Dar es Salaam na Unguja zilipita njia hiyohiyo. Aliyejidunga alihitaji unga kidogo ili apate kilekile alichokuwa akikipata kwa kuvuta, na kwa mtu asiye na kazi hiyo ilikuwa hesabu isiyopingika.

Waliotuletea habari za kina kutoka Dar es Salaam walikuwa Sheryl McCurdy na wenzake, wakiwamo Gad Kilonzo na Melkizedeck Leshabari wa Muhimbili. Mwaka 2005 walieleza maisha ya maskani na mageto: nani hununua, nani humdunga nani, sindano inazunguka vipi. Katika barua fupi kwa jarida la BMJ mwaka uleule walisimulia jambo ambalo lilishtua madaktari wa nchi nyingi. Baadhi ya wanawake, mwenzao akiwa kwenye arosto na hana senti, walijidunga kisha wakarudisha damu yao ndani ya bomba na kumpa mwenzao ajidunge hiyo, kwa imani kwamba ina heroini ya kutosha kumtuliza. Ulikuwa ni wema. Ni vigumu kubuni njia ya hakika zaidi ya kuhamisha VVU, na ilibuniwa kwa huruma.

Kwa nini mpango wa taifa wa UKIMWI wa Tanzania haukuwaona watu hawa? Kwa sababu kila bango, kila wimbo na kila semina ilikuwa imeufungamanisha UKIMWI na ngono. Kwa bara zima hilo lilikuwa sahihi. Utafiti wa 2003 na 2004 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima 100 wa Tanzania Bara, 7 waliishi na VVU, na takriban wote walivipata kitandani. Tarehe 14 Julai 2007 Rais Kikwete na mkewe walipima hadharani jijini Dar es Salaam na kuzindua kampeni ya taifa. Mamilioni walifuata, na kampeni hiyo isingewezekana hata kidogo bila vipimo vya haraka. Lakini hema la kupima lilisimikwa uwanjani, penye ngoma na viongozi na polisi wa kulinda viongozi. Teja haji mahali penye polisi.

Zanzibar ndiyo iliyoanza kuhesabu. Visiwa vilikuwa na fahari yao: maambukizi kwa wananchi wa kawaida hayakufika hata mmoja kwa 100. Mohammed Dahoma na wenzake wa Wizara ya Afya walipochapisha matokeo yao mwaka 2006, ilionekana kwamba kati ya watu wanaojidunga, zaidi ya robo walikuwa na VVU. Karibu nusu walikiri kushirikiana sindano. Mwaka uliofuata ulifanyika uchunguzi mpana zaidi, kwa mbinu ambayo naona inastahili kuelezwa polepole, maana ndiyo iliyofungua mlango.

Utamhesabu vipi mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kutohesabika? Mwanasosholojia wa Marekani, Douglas Heckathorn, alitoa jibu mwaka 1997. Unaanza na watu wachache wanaoaminika vijiweni, wanaoitwa mbegu. Kila mmoja anahojiwa na kupimwa, analipwa nauli na fidia ndogo, kisha anapewa kuponi tatu awape wenzake anaowajua. Mwenzake akija na kuponi, naye anahojiwa, anapimwa, anapewa tatu zake, na aliyemleta anapata kitu kidogo. Duru baada ya duru, mtandao unajichora wenyewe, hadi kwa watu ambao hakuna daktari wala mjumbe wa nyumba kumi aliyewahi kuwasikia. Mtafiti haingii maskani. Maskani ndiyo inayomfuata. Hesabu za kurekebisha upendeleo wa njia hii ni ngumu na wanatakwimu hawajaacha kubishana juu yake. Hata hivyo kwa mara ya kwanza mteja mwenyewe alikuwa ndiye mwenye kumleta mteja.

Uchunguzi huo wa 2007 ulipata 16 wenye VVU kwa kila watu 100 wanaojidunga Unguja, na ule wa 2012 ulipata 11 hivi. Temeke, Dar es Salaam, shirika la Kifaransa la Médecins du Monde lilipopima mwaka 2011 lilipata takriban 35 kwa 100. Wanawake walikuwa na hali mbaya zaidi kila mahali, kwa kuwa wengi wao walinunua unga kwa fedha ya kuuza mwili, na walipokuwa katika kundi walidungwa wa mwisho, kwa sindano iliyokwisha kupita kwa wanaume.

Kifaa chenyewe cha kupimia haraka ni kitepe cha karatasi laini kinachokaa juu ya kiganja. Tone la damu huwekwa upande mmoja, na tone la maji ya dawa hufuata pale inapohitajika. Damu inapopanda kwenye karatasi, kingamwili zilizotengenezwa na mwili dhidi ya VVU hujishikiza kwenye chembe ndogo za rangi, na zikifika kwenye mstari uliopakwa vipande vya protini za virusi hunaswa hapo. Rangi ikikusanyika, mstari unaonekana. Mstari wa pili hutokea kwa kila mtu, kuonyesha kwamba kitepe hakikuharibika. Aina ya Determine, iliyoenea sana Afrika Mashariki, husomwa baada ya dakika 15. Uni-Gold, iliyotumika sana kuthibitisha, baada ya dakika 10. Hakuna umeme. Kasoro yake ni ileile ya vipimo vyote vinavyotafuta kingamwili: katika wiki za mwanzo virusi vimo na kipimo hakivioni, na hizo ndizo wiki ambazo damu ya mtu huambukiza kuliko wakati mwingine wowote.

Dakika zinasifiwa sana, lakini wanaofanya kazi hii mitaani husifu pia kidole. Vipimo vya zamani vilitaka damu ya mshipa, ijaze kijichupa. Mtu aliyejidunga kwa miaka mitano hana tena mshipa wa kutolea damu. Mishipa imekauka, imejificha, imebaki makovu. Fundi wa maabara anachoma mara ya kwanza, ya pili, ya nne, anakasirika, anamwuliza mbele ya watu amejifanyia nini. Mteja anainuka na kuondoka. Tone la kidoleni lilifuta aibu hiyo yote.

Médecins du Monde ilianza Temeke mwaka 2010, ikiwa na kituo cha kuingia na kutoka ambapo mtu aliweza kuoga, kufua, kutibiwa jipu, kupata sindano safi na kupimwa. Waliozunguka vijiweni walikuwa waelimisha rika, yaani watu waliotumia au wanaotumia, wanaojua saa ya kwenda. Kumfuata teja kabla hajapata kete ya asubuhi ni kupoteza muda, hana masikio. Ukimfuata baada tu ya kujidunga, anasinzia. Kuna saa moja au mbili katikati ambapo mtu yupo, anacheka, anauliza maswali, na kipimo cha dakika 15 kinaenea ndani ya saa hiyo. Baadaye kazi hii ilirithiwa na MUKIKUTE, chama kilichoanzia kwenye mapambano ya kifua kikuu palepale Temeke, na wenye uraibu wenyewe wakaunda mtandao wao wa taifa, TaNPUD.

Hapo ndipo kusubiri kulipojitokeza tena, mahali pengine. Mtu alijua hali yake kabla chai haijapoa, halafu akaambiwa aende kliniki kuhesabiwa CD4, yaani chembe za kinga mwilini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2010 ulisema dawa za kufubaza virusi (ARV) aanzishiwe mwenye CD4 zisizozidi 350. Aliye juu ya hapo arudi baada ya miezi. Kuhesabu CD4 kulitaka damu ya mshipa, ile ile isiyopatikana, na mashine kubwa ya hospitali, na siku ya kurudi kuchukua majibu. Wiki mbili zilikuwa zimehama tu kutoka mbele ya majibu kwenda nyuma yake. Kliniki nyingine zilidai mteja aje na ndugu wa kumsimamia dozi. Teja aliyefukuzwa kwao tangu alipouza redio ya mama yake atamleta nani?

Majaribio ya kuukata mnyororo huo yalikuja kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa methadoni. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya kwanza ya umma ya methadoni katika Afrika bara kusini mwa Sahara (Mauritius, kisiwani, ilikuwa imetangulia), na daktari bingwa wa magonjwa ya akili Jessie Mbwambo alikuwa miongoni mwa walioijenga. Methadoni ni maji ya kunywa, kila siku, mbele ya mhudumu. Arosto ikitulizwa, siku ya mtu inarudi kuwa siku, yenye asubuhi na jioni. Na kwa kuwa anakuja kila siku, hana haja ya kukumbuka tarehe ya kurudi: majibu, dawa za kifua kikuu na ARV vyote vinaweza kumsubiri kwenye dirisha lilelile. Nakiona kitendo hiki kuwa kikubwa kuliko kitepe chenyewe. Ila wanawake, walioathirika zaidi, walikuwa sehemu ndogo sana ya waliojiandikisha, na foleni ya asubuhi iliyojaa wanaume waliowahi kuwanunua ni sababu ya kutosha.

Njia ya pili ilijaribiwa Kenya. Heroini iliadimika ghafla mwambao kuanzia Desemba 2010, hospitali zikapokea watu waliozidiwa na arosto, na serikali ikalazimika kuliangalia jambo hili kwa macho mawili. Mwaka uliofuata Ann Kurth, Peter Cherutich na wenzao walianza Nairobi na Pwani mradi wa kupima wanaojidunga kwa vipimo vya haraka na kuwahesabu CD4 palepale kwa mashine ndogo, kisha mwenzao aliyefunzwa akawasindikiza hadi kliniki. Mwaka 2012 ilipotangazwa kwamba sindano safi zitagawanywa, baadhi ya maimamu na wachungaji walipinga kwa sauti, wakiona ni kuhalalisha haramu. Mombasa mabishano yalikuwa makali, na asasi ya Kiislamu ya MEWA, ambayo ilikuwa ikihudumia waraibu kwa miaka mingi, ilijikuta katikati, ikieleza msikitini kile ilichokiona mitaani. Sindano ziligawanywa. Methadoni ilifuata Mathari, Nairobi, Desemba 2014, halafu Malindi na Mombasa. Zanzibar ilianza mwaka 2015. Kizuizi cha CD4 kiliondoka mwaka 2016, nchi hizi zilipokubali kwamba kila mwenye VVU aanze dawa bila kujali hesabu.

Magereza yalibaki nyuma, na sababu zake ni za zamani. Katika miaka ya 1980 na 1990 jela nyingi duniani ziliona kipimo kuwa chombo cha kutenga watu. Jimbo la Alabama, Marekani, lilipima wafungwa wote kwa lazima na kuwaweka peke yao waliokutwa na virusi, kwa muda fulani likiwavisha na utepe mweupe mkononi. Mahakama haikuukataa utaratibu huo hadi Desemba 2012. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa mwongozo tangu 1993 kwamba kumpima mfungwa kwa lazima si haki na hakusaidii, na kwamba anastahili tiba sawa na ya raia wa nje. Sheria ya Kenya ya 2006 na ile ya Tanzania ya 2008 zinakataza kumlazimisha mtu kupima, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Lakini hiari ya mtu anayeagizwa asimame, akasimama, na kuagizwa aketi, akaketi, ni kitu chembamba. Mahabusu mpya aliyepangwa mstari mbele ya meza ya zahanati, askari amesimama mlangoni, akiulizwa kama anakubali kuchomwa kidole, atasema ndiyo kama atakavyosema ndiyo kwa kila swali lingine siku ile.

Katikati ya miaka ya 2000 magereza ya Tanzania Bara yalikuwa na watu karibu mara mbili ya nafasi, sehemu kubwa wakiwa mahabusu. Siri haina mahali pa kukaa katika chumba cha namna hiyo. Anayeitwa zahanati kila mwezi anajulikana, na chupa ya vidonge haifichiki chini ya blanketi la mtu wa tano. Kwa muda mrefu UKIMWI ulionekana katika nyaraka za magereza mwishoni tu mwa safari: taarifa za msamaha wa Rais, sikukuu baada ya sikukuu, zilitaja wafungwa wenye UKIMWI, kifua kikuu au saratani waliofikia hatua ya mwisho, wakithibitishwa na daktari, kuwa miongoni mwa wa kuachiwa. Kwa huyo hakuhitajika kitepe. Na taarifa hizohizo, mistari michache chini, ziliwatoa katika msamaha waliohukumiwa kwa makosa ya dawa za kulevya.

Vipimo vya haraka vimekwisha kuingia magerezani sasa, pamoja na uchunguzi wa kifua kikuu mtu anapopokelewa, na ARV hutolewa ndani ya kuta. Gereza la Shimo la Tewa, Mombasa, limepata kliniki yake ya methadoni, ili anayekunywa dozi nje asikatizwe siku anapokamatwa. Hesabu ngumu imebaki mlangoni pa kutokea. Siku ya Uhuru, 9 Desemba 2019, wafungwa 5,533 walisamehewa Tanzania kwa tamko moja. Anayetumia ARV na kuachiwa kwa ghafla namna hiyo anahitaji barua ya uhamisho, dozi za kumfikisha kwao na jina la kliniki ya huko. Ofisi ya gereza siku hiyo ina nauli na majina ya kuhakiki.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Bunge lilikuwa limerekebisha sheria ya 2008 na kuruhusu mtu ajipime mwenyewe, nyumbani, kwa kitepe cha kupitisha kwenye ufizi. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zitumie vipimo vitatu mfululizo badala ya viwili kabla ya kumwambia mtu ana VVU, kwa kuwa wenye maambukizi ambao hawajajulikana wamepungua na uwezekano wa kukosea umeongezeka. Dakika zimeongezeka kidogo. Ndani ya magereza ya Afrika Mashariki, hata hivyo, hakuna hata moja linalogawa sindano safi. Mahabusu anayejidunga hupimwa anapoingia, akakutwa hana virusi, jibu likaandikwa kwenye daftari la zahanati siku ileile, naye akapelekwa selo.